Funga Madirisha, Dada

Rumonge, 18 Aprili 2024

Mdogo wangu Kadidja,

Amahoro. Mungu akukute mzima hapo Kabezi, wewe na watoto. Baba yao amepona mguu? Mimi nashukuru, ila mwili si wangu. Tangu baada ya Idi tumbo linanisumbua. Naamka limejaa gesi, kichwa kizito, nataka kutapika, na kifua kinabana kama mtu amenikalia. Cibalonza, jirani yangu Mkongomani, ananicheka mbele ya watu sokoni: "Mama Fahima, unahema, unatapika, iko mimba ya uzeeni hiyo!" Nikamjibu mume wangu yuko kaburini, aende amuulize huko. Tulicheka sana. Nikirudi ndani, sicheki.

Wewe unasafisha pale kituo cha afya, hebu niulizie muganga. Simu yangu bado iko ndani ya mchele tangu ilipoanguka majini, siku ile ziwa lilipoingia kwenye depo yangu ya maharage. Maharage niliyaokoa, alhamdulillah. Magunia yote yako chumbani kwangu, yameloa kidogo tu. Jibu mpe Pontiani, dereva wa bisi, anapita hapa mlangoni.

Dada yako,
Nafisa

Kabezi, 23 Aprili

Dada yangu,

Amahoro na wewe. Mguu wa baba watoto umepona, ulimi ndio haujapona, anasema kutwa. Pole kwa tumbo. Nimemuuliza muganga Theonest. Amesema inafanana na asidi: usile ukalala hapo hapo, acha pilipili na chai kali, ongeza mto kichwani. Dawa hizi ninazokutumia ameandika yeye. Lakini amesema pia, "Kifua siwezi kukipima kwa barua, aende hospitali."

Na mimi naongeza la kwangu. Hicho kifua ni upepo. Unakumbuka Mama alivyotuambia, upepo wa ziwa usiku unaingia mbavuni hautoki? Sasa maji yamefika karibu na nyumba yako. Funga madirisha, dada.

Mdogo wako,
Kadidja

Rumonge, 4 Mei

Kadidja wangu,

Mungu akulipe kwa dawa. Watoto wanaendeleaje? Nimefanya kama ulivyosema. Madirisha nafunga kabla ya Magharibi, na chini ya mlango nimesukumia kitenge cha zamani. Hospitali nitaenda, maharage yakipanda bei.

Ila kuna jambo nakuambia wewe tu. Juzi nilikwenda Kabonga kwenye msiba wa wifi. Kule nililala kama mtoto, nikala hata pilipili, kifua chepesi. Nimerudi, asubuhi ya kwanza tu, nikatapika mpaka nyongo. Shehe amekuja kusoma Yasini, tumefukiza ubani. Anasema labda nyumba ina wageni wasioonekana. Kadidja, nakiogopa chumba changu mwenyewe. Kina harufu, kama kitunguu saumu, kama samaki ndagala walioharibika. Nadhani ni panya, maana wamekufa nyuma ya magunia. Vile vidonge ninavyoweka ndani ya maharage ni kiboko! Fukusi hakuna, panya hakuna.

Fahima anataka kuja na mwanawe Nuhu walale na mimi. Nimekubali. Peke yangu siwezi tena.

Dada yako,
Nafisa

Kabezi, 9 Mei

Dada,

Sikusalimii, nisamehe. Toka katika chumba hicho. Ukiwa unasoma hii umekaa ndani, simama, toka, umalizie nje.

Barua yako imenifikia leo asubuhi, Pontiani alikuwa amekwama kwenye foleni ya esansi, mafuta ya gari hayapatikani. Nilikuwa namsomea Theonest huku nafagia. Nilipofika kwenye panya akaninyang'anya karatasi. "Vidonge gani hivyo? Analala navyo?" Anasema vikipata unyevu vinatoa hewa ya sumu. Haichagui fukusi na mtu. Tumbo lako ni hilo, kifua chako ni hicho, na ndiyo maana Kabonga ulipona. Usiguse magunia. Nenda hospitali, waambie umevuta sumu ya maharage. Na Nuhu asiingie humo hata kidogo!

Simu ya Fahima haipatikani. Hakuna bisi. Barua hii nimempa kijana wa pikipiki anayefika Minago tu, ameapa atampa mwingine aifikishe kwako. Mimi mwenyewe natoka kesho alfajiri, hata kwa miguu.

Na madirisha, dada. Ni mimi niliyekuambia. Yafungue.

Kadidja

Rumonge, 9 Mei, baada ya Magharibi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumba iliyojaa. Fahima amefika, na Nuhu wake ana meno mawili, ameniuma kidole! Simu ya mama yake imezimika, umeme hakuna toka jana. Barua yako bado sijaiona, najua ni esansi.

Leo mvua ni ya kutisha, magunia ya chini yamelowa kabisa. Nimeogopa fukusi, nimeongeza vidonge kila gunia. Kisha nimefunga madirisha kama ulivyonifundisha, na kitenge mlangoni, upepo usimpate mtoto. Amelala tayari, karibu na ukuta, pale kwenye joto la magunia. Mara hii siogopi. Tumeshaomba dua wote watatu.

Barua naiweka hapa juu ya maharage. Pontiani akipita asubuhi, nitaamka nimpe. Nilishamwambia, kama tutachelewa kusikia, agonge kwa nguvu.

Dada yako akupendaye,
Nafisa