Pini za Papa Nassoro

Mangobo, 9 Februari 2025

Malika mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mgongo unanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani. Wewe na baridi ya Liège mnaendeleaje?

Aziza, mke wa kaka yako Moussa, amejifungua mtoto wa kiume. Nyusi zake zimeungana, mikono mifupi, na mmoja una vidole vitatu tu. Kwetu jambo hilo halijawahi kuonekana. Nikasema damu hiyo imetoka kwa kina Aziza, na siku ya saba sikukubali anyolewe nywele wala apewe jina uani kwangu. Aziza amevuka mto na mtoto, amerudi kwao Lubunga. Moussa amebaki hapa. Picha hii hapa. Wewe unayesomea mambo ya urithi, niambie kama nimekosea.

Papa yako, Nassoro

Liège, 22 Juni 2025

Papa,

Asalaam aleikum. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nina aibu.

Nisamehe kwa miezi minne ya kimya. Uso ule niliutambua siku ile ile nilipofungua picha: ni hali tunayoisoma darasani. Nikajiambia nasubiri uhakika. Kweli ni kwamba nilikukasirikia.

Kumbuka pini zako. Ukikata mikono miwili ya koti, pini zinashika vitambaa pamoja ili vitoke sawa. Pini hizo hizo unazichomeka pia mahali pa kukunja. Ndani ya seli iko protini inayofanya vivyo hivyo. Seli inapojigawa, protini hiyo inashika nakala mbili za nyuzi za urithi zisiachane mapema. Zamani wataalamu walidhani kazi yake ni hiyo tu. Kumbe mtoto anapoumbika tumboni, inazikunja pia nyuzi zile, jeni hii iamke, ile ilale. Ikipungua kidogo, seli bado zinagawanyika na mtoto anaishi, ila mkono haupati agizo lake sawasawa.

Mara nyingi kosa hilo linaanza kwa mtoto mwenyewe, halirithiwi. Daktari wa hapa ameona picha na anakubaliana nami, ingawa bila kipimo hawezi kuapa. Mtoto achunguzwe moyo na masikio. Aziza hana kosa, papa. Nenda Lubunga.

Mwanao, Malika

Mangobo, 6 Julai 2025

Malika mwanangu,

Salamu. Habari za mgongo tuziache.

Nilisoma barua yako mara tatu, nikaweka wembe mpya mfukoni, nikavuka mto kwa pirogi, mtumbwi ule mwembamba. Mama yake Aziza alinipa kiti. Aziza alikuwa anatwanga majani ya pondu, mtoto mgongoni. Nikasema nimekuja kumnyoa mtoto na kumpa jina.

"Walishamunyoa, papa," Aziza akajibu. "Iko na jina."

"Jina gani?"

"Ile ni ya batu yake." Watu wake, yaani, na mimi si mmoja wao.

Nikamweleza habari ya pini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Malika alijua tangu siku gani?"

Sikuweza kumdanganya; nikasema tangu Februari. Akarudi kwenye kinu chake. Hospitali atampeleka, amesema, lakini mimi nisifuatane nao.

Najuta, mwanangu. Mtoto alinitazama wakati wote ule, na wembe ulikuwa mfukoni mwangu.

Sasa kila baada ya sala namwombea, na nikifika mahali pa jina nakwama. Ukimwandikia Aziza, muombe msamaha kwanza, kisha muulize jina la mtoto. Akikukataza kuniambia, usiniambie. Wewe umwombee kwa jina lake.

Papa yako, Nassoro