Studio Katika Saiga ya Vinny

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ti! Tone moja tu, juu ya mabati ya nyumba kubwa. Bado liko masikioni. Nilikuwa nimebakiza aya mbili nimalize kurekodi hadithi — dakika thelathini na nane bila kikohozi, bila ng'ombe, bila lori la majani chai. Kisha hilo tone. Kisha mvua yote ya Chepilat.

Watu wa vitabu vya kusikiliza wanataka sampuli safi kufikia Jumatano ijayo. Wakiipenda, nitawasomea wanafunzi wasioona vitabu kumi na viwili. Nina miaka miwili tangu nimalize chuo. Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoitaka kweli.

Jumanne, 6 Mei

Saiga ya Vinny! Mbona sikuiona? Kaka yangu yuko Qatar mwaka wa tano sasa, na saiga yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa kiume hujengewa kwetu akikua, imejaa majembe. Kuta nene za udongo. Paa la nyasi — la mwisho huku kwetu. Nilisimama ndani mvua ikinyesha. Nikapiga makofi. Sauti ikafa pale pale.

Jumatano, 7 Mei

Majembe nje. Blanketi za marehemu nyanya ukutani, magunia sakafuni, ekstensheni kutoka nyumba kubwa. Maiki ni ya mtumba. Soksi ndefu ya Mama nimeivuta kwenye waya, iko mbele ya maiki.

Mama akasimama mlangoni. "Mongina! Hiyo si soksi yangu ya Sabato?"

Nikamweleza inazuia pumzi, herufi kama p na b zisipasuke kwenye maiki.

"Basi mvalishe na baba yako mdomoni." Akaenda zake akicheka.

Alhamisi, 8 Mei

Dakika ishirini safi! Nje kulikuwa na mvua ya mawe.

Ijumaa, 9 Mei

Mabati yameletwa. Kumi na manne, yanang'aa, yameegemezwa ukutani mwa saiga. Vinny anakuja Desemba na mchumba wake, na Baba hataki mgeni alazwe chini ya nyasi. Fundi Onyancha anaanza Jumatatu.

Nilimweleza Baba habari ya mvua na ya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho — Baba husikiliza. Kisha akaniita vile huniita akinibembeleza: "Mama, hii ni nyumba ya kijana. Wewe utaolewa. Si usome sebuleni asubuhi, mvua ikiwa bado?"

Asubuhi tunachuma chai, Baba.

Hilo naliandika hapa tu.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Vinny. Amecheka! "Sista, mimi nilale saiga? Nimenunua ploti Ruiru. Nikirudi najenga huko." Hajui atamwambiaje Baba. Ameniapisha ninyamaze.

Kwa hiyo paa hilo si la mtu yeyote. Wakati wa kula nilimwangalia Baba. Alikuwa ameweka misumari kwenye sahani, anachagua iliyonyooka. Anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Vinny aende.



Jumatatu, 12 Mei

Onyancha alifika saa mbili, Baba akiwa bado kwenye kituo cha kupimia chai. Nilipotoka shambani alikuwa ameshapanda ngazi, mkono mmoja ndani ya nyasi. Nikamwambia ashuke.

"Kwani mwenye nyumba ni nani siku hizi?"

"Ni mimi."

Akaniangalia kidogo, akakusanya nyundo zake, akasema ugomvi wa familia yeye haupandii ngazi.

Baba aliporudi nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama. Saiga nimeichukua. Nitafanyia kazi humu, nitalala humu. Vinny sikumtaja. Baba alikuwa amevua gamboti moja, akaketi nayo mkononi. Akauliza kama kweli nimemfukuza fundi.

Nikasema ndiyo.

Kitanda changu kiko humu sasa. Msichana kwenye saiga ya kaka yake! Mama alishika upande mmoja tulipokibeba. Hadithi nimeisoma yote, nimeituma kwa watu wa vitabu saa tisa. Hawajajibu.

Naandika mlango ukiwa wazi. Mawingu yameshuka hadi kwenye chai. Baba yuko uani na turubai, anayafunika mabati mapya yasinyeshewe hadi Vinny aje Desemba.