Paswedi ya Gervas

Mwamkulu

Kaka Severini,

Shikamoo. Huku mpunga umeanza kutoa masuke. Barua hii anakuletea Marsela akija Inyonga, maana simu yangu shemeji yako Gervas ameichukua.

Unajua alivyokuwa akishinda mitandaoni kwenye kompyuta ya stesheneri yetu, wateja wakiondoka. Mwenyewe aliamua kuacha. Aliweka kizuizi kwenye brauza, kikafunga mitandao yote, akaniambia nitunge paswedi ya kukifungua, nisimpe. Mwanzoni alifurahi, hata akawa anakula na watoto. Sasa anakaa tu mbele ya ukurasa uliofungwa, kidole kinasugua meza.

Jana aliniomba kwa upole, "Mama Aneth, nipe niangalie kidogo." Nilikataa, akakaa mbele ya kompyuta mpaka asubuhi. Leo woga ulinishika, nikamtajia paswedi. Hakwenda hata kuiandika. Alikuwa anapigilia komeo jipya kwenye mlango wa chumba chetu, upande wa nje.

"La nini hilo, Baba Aneth?"

"Na wewe uonje kufungiwa."

Watoto nimewapeleka kwa jirani. Usipige simu, atapokea yeye. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Josephina