Inchi Hamsini na Moja na Robo

Fundi Mrisho,

Shikamoo. Ulikuwa ukiidaka salamu yangu kabla sijaimaliza: "Marahaba, Karani, umekula?" Leo nimeiandika nzima, na imebaki hapo hapo kwenye karatasi.

Gari lako limetembea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Jana alasiri lilitoka kiwanjani kando ya nyumba, likapita mbele ya baraza, likafika kona ya Mtaa wa Msimbazi na kurudi, na giaboksi haikulalamika. Aliyeliendesha ni Mistri Ramji. Naam, Ramji. Usinipe mgongo, nisikilize kwanza.

Mimi ndiye niliyedanganya.

Siku ile ulikuwa umelala, kifua kimekubana. Giaboksi ya gari la jeshi ulikuwa umeshaifunga, nayo ilikuwa ndefu kuliko ile ya asili, kwa hiyo propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilibidi ikatwe. Ulinipa futi ya chuma kupitia dirishani. "Waite watu wa barazani walishushe," ukasema. "Lipime likiwa limesimama kwa miguu yake. Likiwa juu ya magogo litakudanganya." Nikajibu, "Ndiyo, Fundi." Ndiyo yangu ilikuwa nyepesi siku zote.

Sikulishusha. Niliogopa. Lilipokuwa juu ya magogo niliweza kugeuza kichwa. Likishushwa, chuma chote kile kingekaa kiganja kimoja tu juu ya pua yangu. Niliwaogopa na watu wa barazani, hasa Mzee Kombo, ambaye kila akiniona karibu na gari na suruali yangu nyeupe ya ofisini aliuliza kama nimekuja kuliandikia barua. Basi nilijipenyeza chini peke yangu, nikapima magurudumu yakining'inia, ekseli imejiachia na umbali umerefuka. Inchi hamsini na moja na robo. Nikaiandika kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mistari miwili. Shuleni walitufundisha kwamba kazi safi ndiyo kazi sahihi.

Nikaipeleka kwa Ramji, akakata kwa namba ile, propela ikafungwa. Ulipowaita watu wakalishusha gari, springi zikabonyea, ekseli ikapanda, propela ikaisukuma giaboksi mpaka ikalia. Haikuzunguka hata kidogo. Ulitoka ukiegemea ukuta, shuka mabegani, ukaagiza Ramji aitwe. Ukamwita mlevi, yeye asiyeonja pombe. Ukamwita mwizi. Yeye akakujibu taratibu, "Mrisho, nimekata kama karatasi ilivyosema. Karatasi yenyewe nimemrudishia Karani."

Ukanigeukia.

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Karani hatupi karatasi. Kila nikivuta pumzi niliisikia inakwaruza. Nikasema, "Sikurudishiwa kitu."

Na wewe ukaniamini. Hili ndilo linalonichoma, Fundi, na nitalisema ingawa umekufa: hukuniuliza mara ya pili. Hukuniuliza kama nililishusha gari. Ulikuwa umefanya kazi na Ramji miaka kumi na moja, mmechomelea pamoja nusu ya magari ya Kariakoo, ukamtupa kwa neno moja la kijana aliyepanga chumba kwako mwaka mmoja, kwa sababu kijana huyo ana kola na anasoma gazeti la Kiingereza. Ungenitukana mimi. Ungenipiga hata na ile spana. Zilikuwa robo tatu tu za inchi! Ramji angeikata tena kabla ya magharibi. Lakini ulirudi ndani, na baada ya wiki tatu tukakutoa umebebwa.

Siku ya mazishi Ramji alileta jora la bafta kwa sanda yako. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akalituma kwa mtu. Barazani wakasema marehemu hatavikwa nguo ya aliyemuua kwa hasira. Unajua waliyemtuma kuirudisha? Walimtuma Karani, kwa kuwa ana maneno mazuri. Nikaivusha barabara ile nguo nyeupe juu ya mikono yangu miwili. Ramji akaipokea. Alinitazama mfukoni tu.

Tangu hapo hata ofisini sina amani. Bwana mkubwa akiita jina langu, nadhani ameiona karatasi. Nimekosea barua mbili, mimi ambaye sikosei.

Jumatatu nikaenda karakanani kwake, mtaa wa Gerezani, nikaiweka karatasi mezani pake. Akaisoma, akanirudishia kama mara ya kwanza. "Mimi nilijua," akasema. "Sikuitiwa mwizi hapa. Kaseme kule nilikoitiwa." Kisha akauliza kipimo cha kweli ni inchi ngapi.

Kwa hiyo juzi niliwaomba watu wa barazani waje. Tukaitoa ile propela ya ugomvi, gari likakaa chini kwa miguu yake, na nikaingia chini yake na futi. Fundi, chuma kilinigusa kifuani. Nilikuwa nikiona miguu yao tu, kandambili za Mzee Kombo, na viatu vya Ramji mwishoni. Nikasoma kwa sauti, "Hamsini na nusu." Halafu, kwa kuwa sikuona uso wa mtu, nikaitoa karatasi mfukoni nikaisoma na yenyewe, namba ya zamani, na nani aliyeiandika, na nani aliyeificha.

Kandambili ziliondoka kwanza. Kisha miguu mingine, jozi moja moja, isipokuwa viatu vya Ramji. Ikaja miguu ya mkeo, Bi Mwajuma, ina kanga ya eda mpaka kwenye vifundo. "Toka huko," akasema. "Mtu haombi radhi akiwa mvunguni."

Nikatoka na grisi usoni, nikarudia yote mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mume wangu amekufa na chuki ambayo haikuwa yake," akasema. "Umempa wewe. Nani atamtua sasa?" Akanitaka niondoke chumbani mwezi ukiisha. Kwa Ramji alisema maneno machache tu, akiwa amefunika uso: "Ile bafta, kama bado ipo, niletee. Nitaipeleka msikitini, mwingine azikwe nayo."

Jana Ramji alileta propela aliyoikata upya. Mimi nililala chini, yeye akinitajia boliti ipi ianze. Iliingia kwenye giaboksi kwa sauti ndogo tu, kama mlango wa kabati. Ungecheka. Mimi sikuweza.

Kwaheri, Fundi. Sikuombi msamaha, Bi Mwajuma amesema kweli, huna tena pa kuutolea. Nakuahidi hili: popote Kariakoo nitakaposikia Ramji akiitwa mwizi, hata mbele ya bwana mkubwa, nitasimama niseme mwizi ni mimi, na karatasi ninayo. Bado iko mfukoni. Inakwaruza.

Karani wako,
Eliya