Shingo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 1995

Maji ya kuoshea filamu yamekuja machafu tena. Nimeyachuja mara mbili kwa kitambaa, nikaosha picha za vifua, nikazianika nje. Vumbi. Nimefukuza kuku wa muuguzi. Hiyo ndiyo eksirei ya hospitali yetu ya misheni, upande huu wa Kendu Bay: mashine moja kuukuu, chumba kimoja cha giza, na mimi.

Fomu imefika kutoka Nairobi. Kutakuwa na kongamano la watu wa picha za hospitali. Wanataka muhtasari wa utafiti, uchapwe kwa taipureta ndani ya kisanduku cha mistari ya samawati. Herufi moja ikivuka mstari, unatupwa. Fomu ni moja tu na nakala haikubaliwi. Iwe imefika kabla ya mwisho wa mwezi.

Mimi ninalo la kusema. Miaka mitatu nimeweka picha za shingo za watu waliokwamwa na mifupa ya samaki. Ziwa liko hapa, ngege na mbuta ndio chakula, watu hawakosi kuja wameshika koo. Na nimeona kitu. Mtu akishakuwa mtu mzima, gegedu la koo hukauka likawa gumu. Kwenye picha linatokea jeupe, jembamba, mfupa kabisa. Daktari anaandika "mfupa", mtu anapelekwa Kisumu kuingizwa bomba kooni, barua inarudi: hakuna mfupa. Barua hizo ninazo. Nimechomeka hata mifupa ya ngege na ya mbuta kwenye shingo ya mbuzi nikaipiga picha, nijue kila mmoja unavyoonekana. Mpishi wa wodi alidhani nimerogwa. Adhani tu.

Jumatano, 8 Machi

Fomu inataka sahihi ya mkuu wa idara. Nimepeleka rasimu kwa Daktari Mkuu, maana hapa mkuu wa kila kitu ni yeye, hadi funguo za choo.

Amesoma akasimama kwenye sentensi ya nne. Inasema kwamba katika hospitali yetu gegedu limesomwa kuwa mfupa mara nyingi. Hakuna jina. Lakini msomaji wa picha ni mmoja, na anajijua.

"Wewe kazi yako ni kupiga picha," akaniambia. "Kuzisoma ni yangu."

Atatia sahihi nikiitoa hiyo sentensi na jina lake likitangulia langu. Bila sentensi ya nne, muhtasari wenyewe ni hadithi ya mbuzi. Nimemwambia hapana. Nimesema kwa heshima, na mikono nyuma, lakini nimesema.

Alhamisi, 9 Machi

Hasira haijaisha. Nimekaripia mgonjwa wa goti bila sababu. Nikamwomba radhi. Sitoi sentensi ya nne.

Jumatatu, 13 Machi

Siku mbaya. Saa nne asubuhi mke wangu Atieno ameingia na mama yake kutoka Uriri. Mama alikula ngege Jumamosi. Mfupa. Amemeza matonge makavu ya ugali kuusukuma, kama kila mtu afanyavyo, hali imezidi. Hawezi hata kumeza mate.

Na mpiga picha ni mimi. Mkwe. Mimi ambaye kwa miaka kumi na moja sijakula mbele yake, sijamshika mkono, nikimwona njiani napisha pembeni. Picha ya shingo inataka mtu akae ubavu, nimshike kidevu kwa mikono miwili, nimnyooshe, nimshushe mabega. Nimshike mama mkwe shingo! Mikono imekataa.

Nimesimama mlangoni, uso ukutani, nikawa namwelekeza Atieno na Atieno anamwelekeza mama. Inua kidevu. Kidogo. Hapana, kushoto. Tumejaribu mpaka sote watatu tukachoka, nikapiga.

Daktari Mkuu ameinua filamu dirishani. Mfupa, amesema, aende Kisumu. Nimeangalia. Kistari cheupe, mahali pale pale pa gegedu. Nimesema hilo ni gegedu, mama ana umri wake, koo limechubuliwa na ugali. Manesi wanasikiliza. Amenitazama akaniuliza kama niko tayari kubeba dhamana. Nimesema niko tayari.

Tumempeleka nyumbani kwetu na dawa ya kusukutua.

Alhamisi, 16 Machi

Ulikuwa mfupa.

Jana shingo ilivimba upande mmoja, homa kali. Asubuhi hii tumemkimbiza Kisumu. Wametoa mfupa wa ngege na usaha. Wamesema siku mbili zaidi tungezika. Atieno amenipa mgongo njia nzima. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 17 Machi

Daktari Mkuu hakufoka. Amekuja hadi chumba changu cha giza, akaketi kwenye ndoo.

"Sasa chana hiyo karatasi," akasema. "Umeona mwenyewe."

Alipoondoka nimeitoa ile filamu nikaiweka kwenye taa. Nimeitazama kama ya mtu nisiyemjua. Shingo imepinda. Taya la kushoto na la kulia hayajalingana, bega limepanda. Gegedu lipo kweli. Mfupa ulilala nyuma yake, na kwa vile shingo imepinda, vivuli viwili vikawa kimoja. Ingekuwa shingo ya mama wa mtu mwingine, hiyo filamu ningeitupa na kurudia, na ningeona.

Kwa hiyo sikukosea gegedu. Nilikosea mikono. Hilo halinipunguzii aibu hata chembe. Lakini barua za Kisumu bado ni zile zile, na wale watu walioingizwa bomba bure ni wale wale. Karatasi sichani. Naongeza kosa langu ndani.

Jumapili, 19 Machi

Kisumu, wodini. Mama anakunywa uji. Nimekaa mbali, karibu na mlango, Atieno katikati yetu. Nimemwambia kwamba ugonjwa wake nimeuandika, bila jina, na kama hataki nitaufuta. Nikasoma sentensi yenyewe kwa Kidholuo: kosa moja lilitokana na mgonjwa kukaa vibaya.

Kikombe kikatua.

"Nani alikaa vibaya, ora, mkwe wangu?" Sauti haijapona, inakwaruza. "Mimi nilikaa nilivyoambiwa na mtu aliyekuwa anaongea na ukuta."

Atieno amecheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mama hakucheka.

"Andika ulinionea haya. Kama unaandika, andika. Kama hutaki, acha kunisomea."

Siku kumi na moja nzima nanung'unika kwamba mtu mwingine hataki kosa lake lionekane, kumbe langu nimemtwika mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe ndiye huyu.

Jumanne, 21 Machi

Kisanduku hakitoshi. Kila nikiongeza, kinafurika. Nimefuta shukrani kwa uongozi wa hospitali. Nimefuta mbuzi nusu. Sentensi ya nne imebaki. Ya tano sasa inasema: katika kisa kimoja mpiga picha, ambaye ni mwandishi, hakumgusa mgonjwa kwa sababu ya desturi ya ukwe, picha ikapinda, na mfupa uliokuwepo akausoma kuwa gegedu. Ya mwisho: shingo ishikwe na kunyooshwa kwa mikono kabla ya mtu yeyote, awe nani, kusema chochote juu yake.

Nimeisoma mara kumi. Inauma kila mara. Sawa.

Jumatano, 22 Machi

Nimeomba ruhusa ya siku moja, nimekwenda Rongo kwa mwalimu wa taipu. Mama mmoja mkali, miwani puani. Amepima kisanduku kwa rula, amefanya jaribio kwenye karatasi nyingine, kisha akachapa fomu yenyewe bila kupumua. Mstari wa mwisho umeingia na nafasi ya ukucha. Aliponirudishia aliniuliza kama mama mkwe amepona. Nimesema anaendelea vizuri.

Alhamisi, 23 Machi

Nimerudi kwa Daktari Mkuu na fomu iliyochapwa. Nilitaka asome ya tano. Ameisoma. Halafu akasema ya nne bado ipo, na hatatia sahihi, na nisimletee tena.

Nimetoka pale nimewaka. Nimeingia kwa karani, nikamwuliza kwenye karatasi za hospitali mkuu wa idara ya eksirei ni nani. Amefungua faili, ametafuta kwa kidole, akanigeuzia. Jina langu. Tangu nilipoajiriwa. Idara ina mtu mmoja, akasema, sasa ulitaka awe nani?

Miaka yote hii naomba ruhusa kwa mtu asiyehusika.

Nimetia sahihi juu ya meza ya karani, kwa kalamu yake. Nimemwachia Daktari nakala mezani, asije akasema nimemzunguka. Nimetembea na bahasha hadi posta ya Kendu Bay kwa miguu, maana nilikuwa siwezi kukaa. Nimeipeleka kwa rejista. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, picha watapiga wenyewe.

Jumatatu, 3 Aprili

Hawajanifukuza. Daktari hanisalimu. Leo mzee wa Rusinga ameletwa, koo. Filamu imetoka, Daktari ameishika muda mrefu kuliko kawaida, akaniita bila kunitazama na kuuliza kama shingo ilikuwa imenyooka. Nimesema imenyooka. Akasema tusubiri hadi kesho kabla ya Kisumu.

Jumanne, 11 Aprili

Nairobi bado kimya.

Mama amekuja kwa picha ya kuangalia kidonda. Kakonda, lakini anatembea mwenyewe. Ameketi ubavu bila kuambiwa. Nimesimama mlangoni kama mara ile, Atieno akamkaribia amwinue kidevu. Mama amemsogeza kando kwa mkono.

Akafungua leso kichwani, akaitandika juu ya kidevu, shingo na mabega, akaikaza nyuma. Kisha akatazama mbele, akangoja.

Nimenawa mikono. Nimekuja nikamshika juu ya leso, mikono miwili, nikamgeuza polepole mpaka mataya yakalingana. Shingo ndogo, yenye joto. Nimerudi nyuma ya ubao wa risasi unaokinga miale, nikapiga.

Filamu imenyooka, koo ni safi. Leso haionekani kabisa.