Diski Zako Zenye Matundu Nimezichukua

Kaka,

Usizitafute diski zako mpya za breki, nimetoka nazo. Asubuhi ulipokuwa unakoroma nilimwonyesha fundi, akaguna: "Haya matundu ni urembo tu. Zikipata moto uwanjani, nyufa zitaanzia hapo hapo." Najua ulizipendea mwonekano. Naenda kuzibadilisha na zile zisizo na tundu hata moja, nene na nzito kama kichwa chako.

~~Samahani.~~ Siombi samahani.

Gari liko juu ya jeki, usiliguse. Na wewe Mama, Kaka akinuna mpe chai, iko kwenye chupa.

Jumamosi kwenye mbio nataka ushike mkia kama kawaida yako, halafu urudi nyumbani mzima nikucheke.

Mdogo wako, msumbufu