Cherehani ya Mkono na Tableti Yako

Mjukuu wangu Zainabu,

Salaam kutoka Awindiri. Sisi wazima, mama yako amekwenda Omugo kuuza vitambaa. Unauliza kama uuze laptopu ubaki na tableti tu huko chuoni, maana ni nyepesi. Swali hilo linanizunguka kichwani siku mbili sasa.

Nilipokuwa msichana Koboko, niliuza cherehani yangu ya miguu nikanunua ya mkono, kwa kuwa niliweza kuibeba kichwani mpaka sokoni. Kwa viraka na vifungo ilinitosha, nikaringa! Ikaja Idi, na baba yangu, askari mstaafu, akataka kanzu. Mkono mmoja ukizungusha gurudumu, kitambaa kirefu kinaongozwa na mmoja tu. Baba akaikagua kanzu kama yuko kwenye gwaride.

"Hii mshono iko na kona kuliko barabara ya Arua," akasema. Lakini aliivaa kwenda kuswali, kifua mbele. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye fundi aliiweka cherehani ile juu ya meza, akaiunganisha na pedeli. Ikashona vizuri, ila haikutoka tena nyumbani.

Jana nilijaribu tableti ya mjomba wako. Kusoma na kutazama picha, tamu kabisa! Barua hii niliianza humo kwa kidole kimoja. Nikapata mistari miwili tangu chai mpaka adhuhuri, nikarudia kalamu. Mjomba anasema kuna kibodi ya kuunganisha, na kitu cha kuisimamisha mezani.

Sasa niambie: ukishanunua hivyo vyote, si utakuwa umeinunua tena laptopu uliyoiuza?

Bibi yako, anayetaka jibu kweli,
Hadija